Mtaro wa Mnyambe na Bomba la Maneno

Mwaka 1971, nikiwa na umri wa miaka kumi, mama yangu aliteleza kwenye njia ya bondeni akiwa na debe la maji kichwani. Akavunjika mguu. Debe likabonyea ubavu, mguu haukuunga vizuri, na mimi nikaacha shule nikiwa darasa la tatu. Shida yangu ilianzia hapo, sina haja ya kuipamba.

Mtu ambaye hajaishi juu ya uwanda wetu wa Makonde haelewi mara moja. Ardhi yetu ni mchanga mwekundu. Mvua ikinyesha, maji yanazama kana kwamba yameitwa huko chini, na kesho yake vumbi linarudi. Maji ya mwaka mzima yako bondeni. Enzi hizo, kutoka kwetu pembezoni mwa Newala, ulishuka alfajiri na ulirudi jua la utosi, shingo imezama mabegani. Baba alikuwa ametangulia mbele ya haki, wadogo zangu walikuwa wachanga, basi debe likahamia kwenye kichwa changu, mimi mtoto wa kiume. Wenzangu walikaa njiani kunisubiri.

"Tazameni bibi harusi na debe lake!"

Nikawajibu kwamba siku moja nitaleta bomba mpaka mlangoni kwa mama, na wao sitawapa hata tone. Yalikuwa maneno ya mtoto mwenye hasira, lakini niliyashika.

Naandika haya kwa ajili yenu vijana mliobaki na ngazi zangu. Juzi mlinifanyia sherehe ya kustaafu, mkasimama mmoja mmoja kunisifu upole. Mimi si mpole na hamjawahi kuniona mpole. Kama mliogopa kusema kweli kwa sababu ya pilau, nawasamehe. Mishahara na vyeo siandiki. Mishahara imeshaliwa na vyeo wanavyo wengine. Nitaandika kazi.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuchimba mitaro ya mabomba ya maji. Mnaweza kukisia nilivyoikimbilia. Hapo ndipo nilipojua ardhi. Newala ukichimba, jembe linaingia kama kwenye unga, ila kuta zinakufuata. Ukichimba asubuhi, jioni unachimba tena palepale. Masasi kuta zinasimama wima kama askari, ila chini unakutana na mwamba, mtoto wa ile milima ya mawe mnayoiona mjini. Newala unapigana na kuta, Masasi unapigana na sakafu. Injinia yeyote anayechora mstari mmoja kutoka Masasi hadi Newala bila kuuliza hilo, mpeni sururu kwa siku moja, mchoro wake utabadilika wenyewe.

Mabomba yale yalipita vijiji vingi. Kwetu hayakufika. Kazi iliishia kwenye mikorosho ya watu, tukaambiwa turudi nyumbani. Nilisimama mwisho wa mtaro nikatazama upande wa kwa mama, nikaweka sururu begani, nikaenda Masasi kutafuta kibarua kingine.

Masasi nilimkuta Fundi Athumani, fundi wa nyaya za simu, Myao wa kuzaliwa na mtani wangu kwa kabila. Mtu mfupi, tumbo mbele, koleo kiunoni kama bastola. Alinitazama kuanzia miguuni.

"Wewe Mmakonde, unaweza kuchimba mtaro ulionyooka, au utanichongea kinyago?"

"Ninyi Wayao mmewahi kunyoosha nini zaidi ya ulimi?"

Alicheka mpaka akashika ukuta, akanipa sururu. Siku ile nilichimba mpaka viganja vikatoka malengelenge, na alipopita kukagua aliinama, akafumba jicho moja, akatazama mtaro kwa urefu wake. "Umenyooka," akasema. "Sijui nani amekufundisha, maana kwenu hayupo."

Huyo ndiye mwalimu wangu wa kwanza. Alinitoa mtaroni akaniingiza darini, akanipandisha nguzoni, akaniweka mbele ya visanduku vya simu vyenye nyaya nyingi kuliko nywele. Mambo mawili aliyonifundisha nimeyatumia mpaka siku ya mwisho kazini. La kwanza: waya ni kama mgeni. Mkaribishe taratibu, mpitishe kona pana, usimvute mkono. Ukimvuta kwa nguvu atafika, lakini roho imeshakatika humo ndani, na wewe utahangaika kumtafutia ugonjwa ambao ulimpa mwenyewe. La pili: ukimaliza kupitisha waya kwenye bomba, acha kamba ndani. Kuna mtu atakuja baada yako kuongeza waya mwingine. Humjui na hakujui, ila akiikuta kamba atakuombea dua. Asipoikuta, nayo ni dua, ya namna nyingine.

Kompyuta zilipoanza kuingia maofisini, Athumani alisema amezeeka, hasomi kitu kipya isipokuwa majina ya wajukuu. Nikaenda mwenyewe. Waya wa mtandao una nyuzi nane za rangi, na lazima ziingie kwenye kichwa cha plastiki kwa mpangilio. Nilikuwa nasahau kila siku. Nikakumbuka jandoni: kule hakuna daftari, kila kitu unakishika kwa wimbo na kwa kisa. Nikatunga kisa, ndicho kile mnachokiimba mkiwa juu ya ngazi mkidhani kimetoka chuoni. Kuna waume wanne, na kila mke amevaa kanga nyeupe yenye mstari wa rangi ya mumewe. Mke wa Chungwa ametangulia, Chungwa anafuata. Mke wa Kijani amekuja, mara Bluu na mkewe wakajipenyeza katikati, Kijani akabaki upande wa pili anachungulia. Kahawia na mkewe wamelala mwishoni, hawana habari na ugomvi wa watu. Na kumbuka, waume wote wanawatanguliza wake zao, isipokuwa Bluu. Bluu hana adabu.

Nimefundisha wengi kwa kisa hicho. Hakuna aliyebana kichwa vibaya, labda walioachika.

Kulikuwa na kesi za kuchekesha. Ofisi moja hapo Masasi mtandao ulikuwa unakatika kila wiki. Nikapanda darini, nikakuta waya umetafunwa. Panya buku, wanene, wametengeneza viota kwa plastiki yangu. Mwenye ofisi akataka tubadilishe waya wote. Nikamwambia asipoteze. Nilikwenda Chiungutwa kumchukua mzee mmoja mtegaji, nikamfungulia dari. Alikaa humo, akashuka na furushi linaloitosha familia nzima. Sisi huku tunawaita samaki nchanga, yaani samaki wa mchangani, na mtu asikudanganye, ukiwabanika vizuri unasahau kuku. Athumani alipopata habari alinipigia simu: "Sikuwahi kuona fundi anayekula hitilafu!"

Nyingine hazikuchekesha. Siku hizo sote tulikuwa tunavuta waya wa shaba kati ya nyumba na nyumba. Huku juu radi zikianza mwezi wa kumi na mbili, hazibishi hodi. Radi moja iliingia kwenye waya, ikatoka jengo hadi jengo kama mgeni aliyeonyeshwa njia, ikaunguza kila mashine iliyokuwa mezani. Mtu hakuumia, Mungu ni mkubwa. Tangu hapo nikawa nasema: ndani ya nyumba shaba, kati ya nyumba na nyumba kitu kingine. Kitu hicho nilikuwa sikijui mpaka alipokuja Rehema.

Rehema ni injinia, binti wa Kanda ya Ziwa, umri wa binti yangu Somoe. Alikuja kusanifu mitandao ya majengo mapya ya wilaya zetu, akaulizia fundi anayejua ardhi, akaelekezwa kwangu. Alinisalimia vizuri, "Shikamoo baba," nikaitikia, "Marahaba binti." Akaniomba mchoro wa jengo nililolimaliza majuzi. Nikachukua kijiti, nikamchorea chini mchangani: chumba hiki, kabati la mitambo hapa, nyaya zinapita hivi. Alitazama kwa makini sana. Kisha akasema:

"Ni mzuri, Baba Somoe. Lakini upepo ukija, jengo linabaki bila mtandao."

Nilitaka kukasirika nikashindwa. Alikuwa amesema kweli, tena kwa adabu.

Basi mwalimu wangu wa pili akawa binti ninayeweza kumzaa. Tulisoma juu ya boneti ya gari lake, saa za chakula. Alinifundisha alama za ramani, alinifundisha kupima kwanza na kukata baadaye, kuweka kabati la mitambo katikati ya jengo ili waya wa shaba usivuke mita tisini, kukaa mbali na nyaya za umeme, kuandika namba ya waya ncha zote mbili. Akanionyesha faiba, kile kioo chembamba kama unywele kinachopitisha mwanga badala ya umeme, na radi haina habari nacho. Nilikishika mkononi nikacheka peke yangu. Na mimi nilimpa vyangu. Nilimwambia asiweke kabati ukuta mmoja na stoo ya salfa, ile dawa ya unga tunayopulizia mikorosho, kwa kuwa unga ule unaila shaba ikawa nyeusi kama sufuria. Akaandika. Yeye alikuwa anaandika kila kitu.

Siku moja akanikabidhi karatasi kubwa tupu.

"Kituo cha afya Mnyambe," akasema. "Majengo matano. Safari hii mchoro ni wako, baba. Mimi nitakagua tu."

Sikulala vizuri wiki nzima. Mchoro wa kituo kizima, na pembeni jina langu, mimi wa darasa la tatu! Nilichora, nikafuta, nikachora. Mitambo niliiweka jengo la utawala. Kutoka hapo faiba inakwenda wodi ya wazazi, maabara, stoo ya dawa na jengo la wagonjwa wa nje, yote chini ya ardhi ndani ya bomba, ili majibu ya vipimo na picha za mgonjwa zifike Newala bila mtu kubebwa kwenye pikipiki. Kwa bomba nilichagua lile jeusi la plastiki, la maji. Linakuja kwa rola, linapinda bila kiungio, mchwa hawaliwezi, na Masasi linapatikana. Rehema alikagua, akabadilisha kona moja, akasema safi.

Tulifika Mnyambe kiangazi kikali, visima vya uani vya kuhifadhi mvua vimebaki tope, watu wanashusha ndoo wanapandisha kelele tu. Lori likashusha rola za bomba jeusi mbele ya kituo. Asubuhi yake nikatoka kwenda kuanza mtaro na vibarua wangu, nikakuta watu wengi wameshafika na majembe. Wanaume kwa wanawake. Hawaulizi malipo. Wamepanga mstari wanachimba, na kinamama wanapiga vigelegele kila rola inapofunguliwa.

Nikamwambia Rehema, "Unaona watu wa kwetu? Wanapenda maendeleo."

"Sijawahi kuona," akasema. "Kwetu wangekuja kuangalia tu."

Mtaro ulikimbia. Nilitembea juu yake mikono nyuma, kifua mbele. Mchana bibi mmoja mwembamba, mrefu, akaniletea ugali wa muhogo na kuku mzima. Aliitwa Bibi Asumini, na niligundua haraka kwamba pale kijijini mwenyekiti anatangaza, lakini Bibi Asumini ndiye anayeamua. Nikamwamkia, akaitikia, akanitazama ninavyokula mpaka nikafika kwenye paja la kuku.

"Sasa, Baba Somoe," akasema, "bomba litatokea wapi? Kwangu pale, au kule msikitini?"

Nikarudisha tonge sahanini. Nikageuka kuutazama mtaro, nikatazama bomba jeusi, nikaziona ndoo. Zilikuwa zimepangwa kando ya uzio, nyingi, na sikuwa nimeziona kwa sababu ya kifua changu.

Enyi vijana, mahali pengine bomba jeusi ni bomba tu. Kwetu sisi lina maana moja.

Nikamfuata Rehema nikamweleza. Akakaa chini palepale kwenye mchanga.

"Waambie, baba."

"Waambie wewe mwenye digrii."

"Wewe ndiye mwenye lugha."

Nikasimama juu ya rola nikawaambia, kwa Kimakonde, kwa sababu aibu kama ile huitoi kwa Kiswahili. Nikasema bomba hili halina maji, ndani yake utapita uzi wa kioo, na kwenye uzi yatapita maneno na picha za wagonjwa. Jembe moja likaanguka. Bibi Asumini akaja mpaka mbele yangu.

"Kwa hiyo tumechimba tangu alfajiri ili mzike maneno?"

"Hatuyaziki, bibi. Yanasafiri."

"Maneno yetu yanasafiri bila bomba. Mbona habari ya bomba lako ilifika Newala jana?"

Watu wakacheka, lakini si kicheko cha kunisaidia. Kisha Bibi Asumini akakunja kanga, akashuka mtaroni, akakaa, akanyoosha miguu. Kinamama wengine wakashuka mmoja mmoja, mpaka mtaro wangu ulionyooka ukajaa wazee kutoka jengo la utawala hadi wodi ya wazazi. Wakaanza kuimba.

"Fundi wa Newala kaleta bomba, tumetega ndoo, limetoa salamu!"

Kibwagizo kilikuwa na tusi, silitaji. Kila mtu aliyepita barabarani alisimama kujifunza wimbo. Hakuna aliyekata bomba, hakuna aliyerusha jiwe. Walikaa tu. Hata kesho yake walirudi na mikeka. Mganga mfawidhi wa kituo, kijana mwenye wasiwasi, alizunguka akisema mitambo ya kituo inasubiri, na kazi ikishindikana pale itahamishiwa wilaya nyingine, na yeye ataendelea kuwapakia wajawazito kwenye pikipiki kwenda kupimwa. Rehema alisema tungeweza kuita viongozi wawaondoe. Nikamwambia: "Nitawatoaje mtaroni mama zangu? Mguu wa mama yangu umepinda mpaka leo kwa ajili ya hicho wanachokidai." Lakini nikaujua pia ukweli wa pili: mchoro wangu wa kwanza ulikuwa unaelekea kufia pale, na ukifia pale hakuna atakayenipa karatasi nyingine.

Basi na mimi nikashuka mtaroni, nikakaa karibu na Bibi Asumini. Akasogea kidogo kunipisha.

"Karibu nyumbani kwako," akasema. "Umechimba mwenyewe."

Sasa, mtu akiwa amekaa mtaroni, macho yanaangalia juu, hayana pengine pa kwenda. Nikaona mapaa ya kituo. Bati jipya, refu, majengo matano, limelala pale kama shamba la bati, na halina mfereji wa kukinga maji hata upande mmoja. Mvua yote ya Mnyambe ingeshuka hapo na kumwagika kwenye mchanga. Nyuma ya wodi ya wazazi kulikuwa na kisima kikubwa cha mvua, cha saruji, cha zamani, kimeinuka juu ya ardhi, mbuzi wamelala kivulini mwake.

"Bibi, kisima kile kilikufa lini?"

"Hakijafa, kimepasuka. Kupasuka si kufa, Baba Somoe. Wewe mwenyewe unaonekana umepasuka na bado unakula kuku wangu."

Nikatoka mtaroni mbio, kwa umri wangu ule. Rehema aliponisikiliza alitikisa kichwa.

"Mkataba unasema mtandao, baba."

"Mkataba haujakaa mtaroni."

Akachukua kompyuta yake, akaenda kukaa ukingoni mwa mtaro, miguu ikining'inia ndani, kinamama wakamzunguka kuchungulia. Akaniuliza urefu wa bati, mteremko, ukubwa wa kisima. Nilimjibu kwa kazi yangu ya kwanza, ya mabomba ya maji, ambayo nilidhani imeshaoza kichwani. Yeye akapanua mtaro kwenye mchoro: bomba la faiba upande mmoja chini, bomba la maji upande wa pili, mstari wa matofali katikati. Mifereji kwenye mapaa. Maji yanaingia kisimani, yanatoka kwenye bomba moja lililosimama barabarani. Akapiga simu kwa wakubwa wake, akaongea akitembea, akarudi.

"Wamekubali mtaro upanuliwe, na bomba linalobaki tulitumie. Saruji na mifereji wanakijiji watafute wenyewe."

Msikiti ulikuwa na saruji ya kujengea ukuta, kanisa lilikuwa na saruji ya sakafu. Zote zilifika siku ileile, kila upande ukichungulia mwenzake ameleta kiasi gani. Bati za mifereji zilikunjwa na mafundi wa hapohapo. Bibi Asumini alikuwa wa mwisho kutoka mtaroni.

"Natoka," akasema. "Ila mvua ikija bila maji, nitakuja Newala kukaa mlangoni kwako, na nitaleta mkeka."

Kabla hatujafukia aliongeza jambo, nalo nimelifanya sheria kwenye kila kazi. "Hili la maneno litieni alama. Kiangazi kingine mtu mwenye kiu atalikata." Tukalipaka mstari mweupe urefu wote. Ndiyo maana mpaka leo bomba langu lolote la nyaya lina mstari mweupe. Vijana mlidhani ni urembo.

Tukavuta faiba, nikaacha kamba ndani, tukabana, tukapima. Taa za kijani zikawaka kwenye kabati, jengo la kwanza hadi la tano. Rehema akanipa kalamu niandike jina pembeni mwa mchoro. Nikaandika lote, herufi kwa herufi, yeye akisubiri bila kuharakisha.

Kisha tukasubiri mvua, na mvua ikachelewa. Athumani alinipigia karibu kila siku: "Nasikia umewachimbia wazee bomba la upepo! Mkeka umeshaufagilia nafasi mlangoni?" Nilikuwa naangalia mawingu kama mwenye deni. Nikihesabu mapaa, nikihesabu mteremko, nikijiuliza kama nyufa za kisima tumezifumba zote.

Nilikuwa Lisekese, juu ya ngazi, naweka nyaya za chumba cha kompyuta cha shule, simu ikaita. Namba ya mezani ya kituo cha Mnyambe, ile inayopita kwenye faiba yangu. Nikasikia sauti ya mganga mfawidhi, "Subiri mzee, kuna mtu amening'ang'ania," kisha mkwaruzo, kisha sauti niliyoijua.

"Baba Somoe! Hili bomba lako la maneno linasikika huko?"

"Linasikika, bibi. Shikamoo."

"Shikamoo baadaye. Sikiliza."

Nikasikia maji. Yanamiminwa ndoo hadi ndoo, karibu kabisa na simu, mazito, yanagonga bati. Nyuma yake mganga anapiga kelele, "Bibi, umeme! Bibi, mashine hiyo!" na yeye haachi, anamimina. Aliendelea mpaka nikalazimika kushika ngazi kwa mikono miwili na kubana simu begani.

"Mvua ya kwanza tumeimwaga, tumeosha bati," akasema. "Haya ni ya pili. Kisima kimejaa mpaka mbuzi wanaogopa. Sasa marahaba."

Akakata.

Baada ya hapo Rehema alinipa karatasi tupu nyingi, na majengo niliyoyachora yapo, mnayapita kila siku, na mmepewa funguo za makabati. Kila penye mapaa makubwa tuliuliza kwanza mifereji iko wapi. Hilo halimo kwenye vitabu vya mtandao. Liandikeni.

Leo nina nyumba ya tofali za kuchoma, bati jipya. Nina shamba la mikorosho Newala na kipande kingine cha mihogo na mbaazi. Nina pikipiki moja, nzima. Nina koleo ya Athumani, aliyonipa mwenyewe akasema Mmakonde anaweza kuitunza, maana ni chuma, hataichonga. Nina nakala ya mchoro wa Mnyambe ukutani, karibu na picha ya harusi ya Somoe. Nina kisima cha mvua uani, na bomba lake liko mlangoni. Mama alilifungua wa kwanza, akalifunga, akalifungua tena, mpaka nikamwambia yataisha. Wale waliokuwa wakiniita bibi harusi wanakuja kuteka hapo, wazee sasa, nawapa. Nina debe la bati lililobonyea ubavu. Halina kazi.